Eneo la Mdomo

Fundi akishusha timazi Engutoto, Arusha, uzi wake hauelekei chini sawasawa. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, unauvuta upande wake kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alipima mvuto wa aina hiyo kwenye mlima Schiehallion, Uskoti. Wanajiometri huenda mbali zaidi: tungamo la nafasi nzima hulisoma kutoka ukingoni kabisa, ambako nafasi imekaribia kuwa bapa.

Sharti lao ni moja: mpindo wa skala usiwe hasi popote. Mpindo huo ukiwa chanya mahali fulani, tufe dogo sana hapo huwa na ujazo pungufu kuliko tufe kama hilo katika nafasi ya Euclid. Mwaka 1979 Richard Schoen na Shing-Tung Yau walithibitisha kwamba chini ya sharti hilo tungamo haliwi hasi, na likiwa sifuri, nafasi ni bapa tupu.

Je, likiwa dogo tu? Unatamani kujibu kwamba nafasi itakuwa karibu bapa. Haraka hiyo! Fikiria migodi ya tanzanaiti ya Mirerani: mdomo mwembamba, kisha mamia ya mita kwenda chini. Mpita njia haoni kitu, ilhali mchimbaji aliye chini yuko mbali na kila mtu. Mpindo wa skala huruhusu mashimo ya namna hiyo, marefu kadiri upendavyo, na tungamo likabaki dogo.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Mwaka 2001 Gerhard Huisken na Tom Ilmanen walibashiri kwamba mashimo yanaweza kukatwa, na kipimo cha hasara kiwe eneo la midomo yake, kina kiachwe. Christina Sormani na Stefan Wenger walishika njia nyingine: walibuni umbali kati ya nafasi usiojali mashimo membamba. Ni werevu, ila mimi napenda mkato unaotaja umetupa nini. Mwaka 2023 Conghan Dong na Antoine Song walithibitisha ubashiri wa Huisken na Ilmanen katika vipimo vitatu: tungamo likielekea sifuri, eneo la midomo nalo huelekea sifuri, na kinachobaki hukaribia Euclid.

Uthibitisho wao huipasua nafasi kwa nyuso ambako kazi hamoniki (aina ya fanksheni) ina thamani ileile, na kila uso hubanwa na kanuni ya Gauss na Bonnet, inayounganisha mpindo wa uso na umbo lake. Katika vipimo vinne vipande si nyuso tena, na kanuni hiyo haina pa kushika.