Bushi Mpya, Ukazaji wa Hovyo

Nianze na kosa, maana ndilo lililoiharibu kazi nzima. Ile Corolla 100 saluni iliyoshushwa mmeiona. Video yake imezunguka kwenye simu za wapenzi wote wa magari ya zamani. Springi fupi zimeshaingia, wishiboni zimerudishwa zikiwa na bushi mpya, gari bado liko juu ya stendi na magurudumu yananing'inia. Fundi akashika mashine ya upepo, akakaza bolti za bushi zote, mbele na nyuma, mpaka mwisho. Ndipo gari likateremshwa, na watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini? Bushi ya wishiboni si beringi, haizunguki. Ina bomba la chuma ndani, jingine nje, na raba iliyogandishwa katikati yake. Ukishakaza bolti, bomba la ndani linabanwa kwenye breketi ya chesisi, na tangu hapo wishiboni ikipanda au ikishuka, raba ndiyo inayojipinda. Raba huweza kuivumilia kazi hiyo kwa miaka, kwa sharti moja: gari likisimama kwa uzito wake wenyewe, raba iwe imetulia. Ukiikaza ikiwa hewani, mapumziko yake umeyaweka hewani. Gari likikanyaga chini, raba inabaki imesokotwa kama nguo inayokamuliwa, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa.

Kwenye gari lililoshushwa adhabu ni kubwa zaidi, na hili ndilo linaloniuma. Chukua wishiboni ya urefu wa milimita 350. Kwa springi za kiwandani, tuseme gurudumu likining'inia linashuka milimita 90 kutoka usawa wake wa kawaida. Ukikaza hapo, raba inapinda takriban digrii 15 gari likirudi chini. Sasa weka springi zinazoshusha gari milimita 35 zaidi, gurudumu likining'inia palepale: safari inakuwa milimita 125, na msokoto unafika karibu digrii 21 kabla hujakutana na tuta la kwanza. Nyuma ya Corolla hii kuna mikono mitatu kila upande, yote ina bushi, na yote ilikazwa hivyohivyo.

Matokeo tuliyaona wenyewe. Gari lilikaa juu kuliko springi zilivyoahidi, tukaambiwa springi zitakaa zenyewe baada ya muda. Si springi. Ni raba zilizosokotwa zinazosukuma wishiboni chini na kulibeba gari. Kitakachokaa baada ya muda ni raba zenyewe, zikishachanika. Na subira ikimwisha mwenye gari, atatokea mtu na grenda amkatie koili moja. Nimeipinga grenda hiyo kwenye safu hii tangu mwanzo, kama ninavyozipinga spesa za raba wanazobana katikati ya koili ili gari linyanyuke. Wakata springi na wabana spesa ni ndugu: wote wanatafuta urefu wa gari bila kuuliza nini kinaubeba.

Alaimenti nayo ilipimwa siku hiyohiyo, gari likiwa kwenye urefu wa uongo. Bushi zikilegea na gari likashuka, kemba na tou zitahama, na matairi yataanza kuliwa upande wa ndani.

Mengine yalikwenda sawa: springi zilibanwa kwa kompresa, shokapu zinazolingana nazo ziliwekwa, bushi za zamani zikatupwa.

Mafundi wa zamani wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Grogan, Nairobi, hawakuwa na mashine ya upepo, na kwa jambo hili hawakupungukiwa. Walirudisha bolti kwa vidole, wakaliteremsha gari, wakalisukasuka mpaka likakaa, kisha wakaingia shimoni na spana kukaza. Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari za Safari Rally, alitoka katika malezi ya namna hiyo, fundi kabla ya kuwa dereva. Alishinda Safari mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Kumaliza namna hiyo kwenye barabara zile hakuji kwa mtu asiyejua kila bolti ya gari lake imekazwa vipi.

Dawa yenyewe ni rahisi. Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kila gurudumu, uandike. Mwisho wa kazi, weka magurudumu juu ya mbao nene, au pandisha wishiboni kwa jeki mpaka kipimo kiwe kile cha mwanzo ukitoa ulichoshusha. Hapo kaza. Hata usiyegusa wishiboni, ukabadilisha springi tu, zilegeze bolti hizo na uzikaze upya, maana raba yako ilizoea urefu wa zamani.

Gari lile lirudi gereji wiki hii, bushi zikiwa bado nzima. Bolti zote zilegezwe, zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito, na alaimenti irudiwe kwa gharama ya gereji. Mwenye gari ameshalipa mara moja.