Kuyaonyesha Maji Njia

Mgeni wa pwani akisikia neno kinga hapa Kamina, atadhani watu wanazungumzia chanjo. Kinga ni baiskeli, na mara nyingi haipandwi: inasukumwa. Imebeba makala, yaani makaa, mahindi, au samaki wakavu wa maziwa ya Upemba. Mwenyewe anatembea ubavuni, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliosimamishwa nyuma ya kiti.

Reli iliyounganisha Bukama na Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na Kamina ikakua pembeni mwake. Lakini gunia la makala halianzii stesheni. Linaanzia ndani ya miombo, kwenye kijia kisicho na jina.

Kijia hicho kina adui mmoja, maji. Tairi jembamba lenye mzigo mzito huchora mstari. Mvua ya kwanza hugeuza mstari kuwa mfereji. Tairi likishazama, pedali inagonga kingo, na msukumaji anayetembea juu kuliko kinga yake hujikuta anashikilia mzigo unaotaka kulala upande wa pili. Anahamia majanini, wenzake wanamfuata, na mwaka unaofuata panakuwa na mifereji miwili.

Ndiyo maana namsifu mtu anayetoka na lukasu, jembe letu, mvua ikiwa bado inanyesha. Wengine tumejibanza chini ya mabati, yeye anayatazama maji yalikoingia njiani na yanakotaka kutokea. Anakata mfereji mfupi, mshazari. Akiukata kuvuka njia moja kwa moja, gurudumu litatumbukia lote kwa mkupuo. Akiulaza mno kuifuata njia, maji yataongeza kasi na kuchimba. Shimo halijazi udongo wowote tu, maana kesho litakuwa tope. Anatafuta changarawe nyekundu, au anavunja kichuguu cha zamani, udongo ule ule tunaofyatulia matofali, anaushindilia kwa miguu. Halafu kazi ndogo kuliko zote, inayosahauliwa na wengi: kuzibua mdomo wa mfereji. Majani makavu kiganja kimoja yanatosha kuyarudisha maji njiani. Mapigo mawili ya lukasu, anasogea mbele.

Barabara za malori zina vizuizi vya kuyasimamisha mvua inaponyesha, na makantonie, watunza barabara wanaolipwa, siku ambayo fedha zipo. Kijia hakina. Kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya enzi za Mobutu, na neno hilo bado linawachefua wazee. Sishangai. Mtu aliyesimamiwa alifyeka majani yaonekane yamefyekwa. Mfereji wenye mdomo uliozibwa haukumhusu.

Huko California, waendesha baiskeli za milimani waliunda chama chao, IMBA, mwaka 1988, na wanachama wao hutengeneza vijia bila malipo, kwa mbinu hizi hizi za kuyatoa maji pembeni. Wao wanatafuta starehe ya Jumamosi, na siwalaumu. Maji hayaulizi unabeba nini.

Mvua imekatika. Kijana anakuja na magunia yake, jasho limemtoka, macho yako kwenye kamba iliyoanza kulegea.

“Jambo, papa.”

“Jambo, mwanangu. Pita.”

Gurudumu linashuka kidogo, linapanda. Kijana hajainama kutazama alichovuka. Anaendelea kuitazama kamba.