Juu ya Neno «Bwawa» katika Elimu ya Kompyuta

Wafasirio «pool» ya watunga programu kuwa «bwawa» wamepotoka. Neno hili halitoki majini. Asili yake ni Kifaransa «poule», dau la pamoja la wachezaji. Tutazame kazi yenyewe. Kompyuta ya Muleba ikiiagiza ya Bukoba kazi kwa itifaki ya TCP, sharti kwanza zipelekeane salamu tatu. Kuzirudia kwa kila agizo ni kupoteza wakati. Basi njia chache za mawasiliano huachwa wazi: programu huazima moja, huitumia, huirudisha. Nasema huazima, si hukopa. Mkopaji hurudisha kifani; mwazimaji hurudisha kitu kile kile, kama mvuvi aliyeazima mtumbwi. Asiporudisha, wengine hungoja. Na njia iliyokatika pasipo kujulikana humfikia mwazimaji wa pili. Je, maji ya bwawa huazimwa? Naona «akiba ya njia» lafaa zaidi, ijapokuwa akiba kwa desturi huwekwa, na njia hizi hazikai.