Karo la Choo Linalosubiri Desemba

Nyumba nyingi nzuri za vijijini Rombo, Hai na Moshi hubaki na mtunzaji mmoja karibu mwaka mzima, kisha wiki ya Krismasi zinafurika ndugu, wakwe na wageni. Siku mbili tatu baadaye choo kinagoma kushuka, na watu wanaulaumu wingi wa wageni. Mimi nasema ubovu huwa ulikuwepo tangu zamani, ila matumizi madogo yaliuficha. Karo moja nililolikagua Kibosho linaonyesha hivyo.

Ni karo la tofali lenye urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina cha maji mita 1.5, yaani lita 3,000. Kizito hutuama chini kikawa tope, mafuta huelea juu yakawa utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la T kuelekea shimo la kunyonyea. Ili kizito kipate kutuama, maji yakae humo walau siku nzima. Mtunzaji peke yake anamwaga kama lita 50 kwa siku, kwa hiyo maji yake yanakaa miezi miwili. Wakija watu 20, kila mmoja akaflashi lita 9 mara tano na kuoga ndoo ya lita 20, jumla ni lita 1,300 kwa siku. Hapo maji yanakaa siku mbili na kidogo. Karo bado linatosha, lakini tope likishajaa hadi nusu, muda huo unabaki siku moja tu. Ndipo tope linaposombwa na mkondo hadi shimo la kunyonyea, likaziba udongo. Gari la maji taka haliwezi kuuzibua udongo huo. Mara nyingi unaishia kuchimba shimo jipya.

Wenye nyumba walifanya jambo la maana: walifungua mfuniko Oktoba, wakati wa kurekebisha bado upo. Kitu cha kwanza kutazama ni usawa wa maji. Yakilingana na mdomo wa bomba la kutokea, karo ni zima. Yakiwa chini yake, ukuta unavuja. Yakiwa juu, njia ya kutokea imeziba. Hapa yalikuwa vidole vinne juu. Kijana anayetunza nyumba alishangaa, maana kwake choo kilishuka vizuri mwaka mzima. Ni kweli, lita zake 50 zilikuwa zinajipenyeza polepole. Tulipofukua bomba kati ya karo na shimo, tulikuta mizizi ya mparachichi imeingia kwenye kiungio ikajazana kama nywele. Kipande kile kilikatwa, likawekwa bomba la plastiki lililogundishwa vizuri, na usawa ukashuka mahali pake.

Kabla ya kuita gari tulipima tope kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Doa jeusi lilikuwa sentimita 40, chini ya theluthi ya kina, kwa hiyo gari halikuitwa. Kunyonya karo kila Desemba bila kupima ni kutupa fedha. Kumwaga hamira nako sioni faida yake, kwani kinyesi chenyewe huja na bakteria wa kutosha. Kinachowaua ni madumu ya dawa ya kung'arisha vyoo yanayomwagwa siku ya usafi mkuu.

Mtunzaji naye ana kazi ndogo. Kila baada ya wiki mbili amwage maji kwenye kila sinki na tundu la bafu, maana maji ya kwenye kona ya bomba yakikauka, harufu na mende hupanda ndani. Bomba la hewa livalishwe wavu, kwa kuwa mbu aina ya Culex huzaliana kwenye maji ya choo. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, punje za polistirini zilimwagwa vyooni zikafunika maji, na mbu hao, waenezao matende, wakapungua mno.

Na fundi akikuambia anaingia ndani ya karo mara moja tu kuokota kitu, mkatalie kabisa. Gesi ya humo kwanza humwondolea aliyeingia uwezo wa kunusa, asijue hatari, kisha humwangusha ghafla, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Kazi yote ya ukaguzi ifanyike ukiwa umesimama juu, na mfuniko ufungwe kabla watoto hawajafika.