Nane kwa sita: Jinsi mwalimu wa Gnojnik alivyousemesha mto Olza

Mzoefu wa tenzi akisikia shairi "Nad Olzą", yaani "Kando ya Olza", likiimbwa kwa Kipoland, hata kama haambulii neno, vidole vyake vitaanza kuhesabu silabi: nane, sita, nane, sita. Mkazo nao hautampa taabu, maana Kipoland, sawa na Kiswahili, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho.

Aliyelitunga ni Jan Kubisz, mwalimu wa kijijini. Alizaliwa 1848 huko Końska, katika Silesia ya Cieszyn, chini ya himaya ya Austria. Mwaka 1869 alianza kufundisha Gnojnik, na hapo akakaa hadi 1913, miaka 44. Kijerumani kilikuwa lugha ya ofisi na ya cheo. Mtoto wa mkulima aliyetaka kupanda ngazi alijifunza mapema kuionea haya lugha ya nyumbani. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa shairi hili katika miaka ya 1880.

Sasa tulifungue tuone lilivyoundwa. Mshairi hasemi na watu, anasema na mto. Anautazama: maji ni yale yale, maua ya ukingoni yale yale, mialoni bado ya kijani, ndege hawajaacha wimbo wao. Kisha linaingia neno dogo, "lakini", na nyuma yake watu: hao wamebadilika, lugha na desturi za wazee wanakaribia kuzidharau. Kila picha ya asili inaongeza uzito upande mmoja wa mizani, na binadamu anabaki peke yake upande wa pili. Ni mbinu ya darasani kabisa. Mwalimu anapanga vitu mezani, anaondoa kimoja, anauliza: kipi hakipo?

Msamiati nao ni wa kitabu cha darasa la kwanza: mto, ua, mti, ndege. Kina hakigongi kila mstari. Sikio linasubiri hadi kipande cha silabi sita kikamilike, yaani kila baada ya silabi 14, na kwa sababu ya ule mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, sauti hulingana kuanzia irabu ya silabi hiyo hadi mwisho. Mwimbaji anapata nafasi ya kuvuta pumzi, na mtoto anapata ndoana ya kushikia kumbukumbu.

Lakini kinachonivutia zaidi ni kile alichokiacha. Hakumtaja adui. Hakuna Mjerumani humo, wala mfalme wa Vienna. Lawama zote zinawaangukia watu wake mwenyewe, na kwa mtunzi wa enzi ile ya hamasa za kitaifa huo ulikuwa uamuzi wa ujasiri. Nadhani ndio uliolipa shairi maisha marefu. Mwaka 1918 himaya ya Austria ilivunjika. Mwaka 1920 eneo la Cieszyn likagawanywa, na Olza, uliokuwa mto tu wa kuvulia na kufulia, ukawa mpaka kati ya Poland na Chekoslovakia. Mji wa Cieszyn wenyewe ulikatwa vipande viwili. Gnojnik ikaangukia upande wa Chekoslovakia, na Kubisz, akiwa na miaka 72, akajikuta miongoni mwa Wapoland walio wachache katika nchi mpya. Bila kubadilishwa neno, malalamiko kuhusu lugha yakawa wimbo wa watu waliotenganishwa na ndugu zao, na hadi leo Wapoland wa huko huuimba kama wimbo wao wa taifa usio rasmi.

Sidai kwamba kila alichoandika kina nguvu hiyo. Mwalimu akishika kalamu huponyokwa na mahubiri, na Kubisz hakusalimika. Ila alijua namna ya kujificha: diwani yake ya 1889, "Śpiewy starego Jakuba", inamtanguliza mzee Jakub kuwa ndiye mwimbaji, ilhali mtunzi hajafika hata miaka 42.

Kumbukumbu zake zilitoka 1928, mwaka mmoja kabla hajafariki. Kwenye jalada hakujiita mshairi. Aliandika "Pamiętnik starego nauczyciela": kumbukumbu za mwalimu mzee. Shule ya Gnojnik inayofundisha kwa Kipoland leo ina jina lake.