Baroni wa Ndutu: Wanyama Wana Majina, Watu Je?
Uhakiki wa kazi za Hugo van Lawick

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi. Filamu za wanyama tunaziacha, eti ni za kupitishia jioni tu. Lakini filamu nayo ina msanii, ina wahusika na mandhari, na nyuma ya yote ina msimamo. Makala hii inamjadili Hugo van Lawick, aliyefanya kazi nchini mwetu kwa miongo karibu minne. Hoja yetu ni moja: msanii huyu alimpa mnyama uhusika kamili, lakini mwenyeji wa nchi akamwacha nje ya picha.

Maisha ya msanii

Van Lawick alizaliwa mwaka 1937 huko Surabaya, katika koloni la Waholanzi ambalo leo ni Indonesia. Alikuwa baroni, yaani mtu wa ukoo wa kimwinyi wenye cheo cha kurithi. Hata hivyo, cheo si mshahara. Alipofika Afrika Mashariki alianza kama kijana wa kamera kwa Armand na Michaela Denis, watengenezaji filamu waliokuwa na makao Nairobi. Mwaka 1962, kwa pendekezo la Louis Leakey, alikwenda Gombe, Kigoma, kuwapiga picha sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Wawili hao walioana 1964, wakapata mtoto mmoja wa kiume, wakaachana 1974. Baadaye maisha yake yakawa Serengeti, kwenye mahema karibu na Ziwa Ndutu. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, akazikwa huko huko Ndutu. Basi tusimwite mtalii. Mtalii harudi kuzikwa.

Fani

Katika fani, van Lawick amefaulu sana, na asiyekubali hilo hamtendei haki. Nguvu yake ya kwanza ni subira. Anakaa na mnyama mmoja siku nyingi mpaka tabia yake ijitokeze yenyewe.

Tulinganishe na hadithi zetu simulizi. Humo fisi ni mlafi na mjinga, sungura ni mjanja. Kwa kweli hatumwoni fisi. Tunamwona jirani yetu mlafi aliyevikwa ngozi ya fisi. Katika kitabu cha Innocent Killers (1970), alichokitoa pamoja na Goodall, fisi ni mwindaji hodari, mwenye ukoo, mipaka na utawala wa majike. Vilevile kuna Solo, mtoto wa mbwa mwitu aliyebaki peke yake baada ya ndugu zake kuuawa na jike mwingine wa kundi. Hapo van Lawick alishindwa kukaa kama shahidi tu: yeye na wenzake walimwokoa. Msomaji wa Solo haoni "mbwa mwitu" kwa jumla. Anamwona huyu mmoja, na anamlilia. Huo ndio uhusika ambao walimu wetu wanatufundisha kuutafuta katika riwaya.

Kilele cha fani yake ni Serengeti Symphony (1998), filamu isiyo na msimulizi. Muziki na picha vinabeba kila kitu.

Maudhui

Tatizo linaanzia hapa. Tumchukue mtazamaji wa Ihanda, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, ambako watu wanalima kahawa na mahindi. Kwake yeye nchi ni shamba, ni njia ya kwenda kisimani, ni kaburi la babu. Mwonyesheni Serengeti Symphony. Atastaajabia chui, atatikisa kichwa kwa wingi wa nyumbu, halafu atauliza: "Sasa wenyeji wako wapi?" Swali hilo halihitaji digrii, na ndo kiini cha uhakiki wetu.

Wengine watajibu kwamba hifadhini hakuna makazi, kwa hiyo alipiga alichokiona. Jibu hilo halitoshi. Utupu ule ulitengenezwa: Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, likatengwa eneo la Ngorongoro. Mwaka huo huo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu kuiokoa Serengeti, ikapewa tuzo ya Oscar. Van Lawick aliikuta picha tayari imesafishwa, na hakuihoji.

Gombe nako ni vilevile. Mwaka 2017 Brett Morgen alitengeneza filamu ya Jane kutokana na zaidi ya saa 100 za picha za van Lawick zilizodhaniwa zimepotea. Ni picha nzuri mno, lakini Waafrika wanapita pembezoni tu. Ilhali mwaka 1974 aliyeshuhudia sokwe wa kundi moja wakimshambulia Godi, wa kundi jirani, tukio lililobadili elimu ya sokwe, alikuwa Mtanzania, Hilali Matama. Na baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara Gombe mwaka 1975, ni Watanzania walioendelea kuandika kumbukumbu kila siku. Fisi majike katika Innocent Killers wanaitwa Bloody Mary na Lady Astor, majina ya wakubwa wa Uingereza. Fisi amepata cheo, mpishi wa kambi hana hata jina!

Hatusemi alikuwa na chuki. Tunasema jicho lake lilikuwa la kimwinyi bila yeye kujua: mwinyi hutazama shamba lake, akaona uzuri, asione wanaolima. Na jambo hili si la jana. Tangu 2022 wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, Handeni. Mtu aliyezoea kuiona nchi ile bila watu, je, atashangaa watu wakiondoka? Filamu haitungi sheria, lakini inatuzoesha.

Hitimisho

Van Lawick ametufundisha kumtazama mnyama mpaka awe nafsi. Tusiitupe elimu hiyo. Tuichukue, tuipeleke kwa mchungaji, askari wa hifadhi, dereva na mpishi wa kambi. Siku hizi kamera iko ndani ya simu, kwa hiyo kisingizio cha vifaa kimepungua. Wenzetu wa idara ya sanaa mnasemaje? Na walimu wetu, lini filamu itaingia kwenye mtihani wa uhakiki?