Jinsi Chemirocha Alivyoundwa

Kutoka Kedowa unateremka hadi Kericho, unashika barabara ya Litein katikati ya mashamba ya chai, na mbele kidogo ni Kapkatet. Hapo ndipo mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipowarekodi wasichana wa Wakipsigis mwaka 1950, Chemutoi Ketienya akiongoza, wakimwimbia Chemirocha: mwanamuziki nusu mtu, nusu swala. Jina lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Kisa hicho husimuliwa sana kama kioja. Mimi naona ufundi wa wimbo wenyewe unastahili kusikilizwa zaidi.

Rodgers alijulikana kwa sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani. Mwigaji yeyote angeanzia hapo. Wasichana wa Kapkatet waliiacha kabisa. Walichobakiza ni kazi ya gitaa, nayo wakaikabidhi chepkong, kinubi cha kwao: kifungu kifupi kinachozunguka tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupanda wala kushuka kasi. Kwa sikio lililolelewa na chepkong, nyuzi zinazojirudia chini ya sauti ya mtu hazikuwa jambo geni. Nadhani ndiyo maana mgeni huyu alipokelewa upesi hivyo.

Juu ya nyuzi kuna sauti. Mmoja anaongoza, wenzake wanaitikia kwa upole, pumzi ikisikika ndani ya maneno. Hakuna kelele wala kitisho. Wanamwita aje kucheza nao, naye haitiki. Hapo ndipo kiumbe anapozaliwa. Mwaka huohuo wa 1950, kampuni ya EC ya New York ilianza kutoa The Vault of Horror, kitabu cha katuni za kutisha. Mchoraji wa katuni hizo hana budi kuuonyesha mzimu wake, meno na makucha, na akishauonyesha, msomaji ameshajua ukubwa wake. Chemirocha haonekani. Tunawasikia tu wanaomwita, tukimngojea pamoja nao, na wimbo unakatika kabla ya dakika mbili. Ungerefushwa mara tatu, tungezoea.

Kumlinganisha Chemirocha na Pan, mungu wa Wagiriki mwenye miguu ya mbuzi, kulitoka kwa Tracey mwenyewe katika maelezo yake. Ulinganisho huo siupendi. Unamhamishia ugenini wakati wasichana hawa walikuwa wamemleta nyumbani.

Lakini mkono wa Tracey katika kurekodi lazima usifiwe. Hakuisimika maikrofoni kwenye stendi ikakaa. Aliishika mkononi, akiisogeza kwa anayestahili kusikika wakati huo. Kifaa kilirekodi kwa mkondo mmoja tu, kwa hiyo uwiano uliokosewa pale uwanjani haungerekebishwa baadaye. Katika rekodi hii waimbaji wako karibu mno, kana kwamba wanaimba begani mwako, na chepkong iko nyuma yao, imara, ikisikika kila mara inapochapwa. Ingesogezwa mbele hatua moja tu, mvumo wa kisanduku chake kilichowambwa ngozi ungezimeza zile pumzi, na pumzi ndizo wimbo.

Zipo Chemirocha nyingine mbili alizorekodi Tracey, za wanaume. Ni kazi nzuri za wachezaji hodari, ila humo namsikia mtu anayeimba. Katika ya wasichana namsikia anayeitwa.

Miaka zaidi ya 60 baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha nakala za rekodi huko zilikotoka. Kijana anayetaka kuujifunza wimbo huu asianzie kwenye jina wala kisa. Ashike kwanza kifungu cha chepkong mpaka mkono ushike mwendo wenyewe, kisha aimbe kwa sauti ya chini kuliko anavyodhani inafaa.